Maswali ya Wasomaji: Kusamehe Deni Ambalo Si Lako Peke Yako

SWALI

Mhariri mpendwa,

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama hapa Kayole chenye wanachama 18. Tunakutana kila Jumamosi, kila mmoja hutoa mchango wake, na fedha zinazopatikana tunakopeshana papo hapo mezani kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Ifikapo Desemba tunagawana faida.

Mwenzetu mmoja, ambaye huuza nguo za watoto za mitumba katika soko la Gikomba na jioni hushona na kurekebisha nguo nyumbani, alikopa shilingi 60,000 bila mdhamini ili aongeze marobota, akaahidi kulipa kwa miezi sita. Katika miezi mitatu ya kwanza alileta jumla ya shilingi 22,000. Baada ya hapo aliacha kuja mikutanoni, na simu yake mara nyingi huwa imezimwa. Sasa ni mwezi wa nane tangu akope, na kwa hesabu ya daftari langu anadaiwa shilingi 86,000. Akiba yake kwetu ni shilingi 24,000. Tumekuja kujua kwamba shilingi 25,000 za mkopo huo alimlipia mwanawe karo ya sekondari, na kwamba ana mikopo mingine ya simu.

Mwenyekiti anataka twende kwake na gari tukachukue televisheni, makochi na cherehani, na picha yake iwekwe kwenye kundi letu la WhatsApp ili iwe funzo. Mchungaji aliyekuja kutuombea alituambia tumsamehe kama tunavyotaka kusamehewa. Hapo mwanachama mmoja, mjane anayelinda ghala usiku katika Eneo la Viwanda, akasimama na kusema: “Mimi nilizika mume, na mkopo wangu nikaulipa hadi shilingi ya mwisho. Yeye ana shida gani ambayo mimi sikuwa nayo?” Hakuna aliyemjibu.

Mama huyo nilimleta chamani mimi mwenyewe, na watoto wetu hucheza pamoja. Je, kumhurumia ni kuwadhulumu waliolipa?

— Mweka Hazina, Kayole

JIBU

Dada yangu, naanza na swali la yule mjane, kwa sababu umesema hakuna aliyemjibu, na chama ambacho hakina jibu kwa mtu wa namna yake hakiwezi kuzungumza juu ya huruma kwa mtu mwingine yeyote. Mama huyo alilipa wakati ambapo kulipa kulimuuma. Huenda zilikuwapo asubuhi ambazo watoto wake walikunywa chai ya rangi bila mkate ili daftari lako lisomeke sawa Jumamosi, na hakuna aliyejua kwa sababu hakumwambia mtu. Akimwona mwenzake anafutiwa deni kwa maneno machache ya sala, atajifunza kwamba uaminifu ni mzigo wa wasio na msemaji, na safari nyingine yeye pia atazima simu. Msiuchukue uchungu wake kama wivu. Anadai haki, na anastahili kupewa jibu mbele ya kikao kilekile alichosimama ndani yake.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na mchungaji, ingawa najua alisema kwa nia njema. Mtu husamehe kilicho chake. Fedha zilizokopeshwa zilitoka katika mifuko ya wanawake 18, na wewe umekabidhiwa kuzitunza; ukizisamehe kwa sababu watoto wenu hucheza pamoja, utakuwa mkarimu kwa jasho la mlinzi wa usiku ambaye hukumwomba ruhusa. Fedha za msingi zilizotoka mezani lazima zirudi mezani, na mama wa Gikomba ndiye wa kuzirudisha. Alikopa akiwa mtu mzima mwenye akili timamu, alihesabu noti mbele yenu na kutia sahihi, na kumtendea kana kwamba hakujua alichokuwa akikifanya ni kumvunjia heshima kwa namna nyingine.

Sasa tutazame hiyo 86,000, kwa maana hapo ndipo ninapotaka chama kizima kijichunguze. Umefika hapo kwa kuongeza shilingi 6,000 kila mwezi kwa miezi minane, yaani 48,000 juu ya 60,000, kisha ukaondoa zile 22,000 alizoleta. Hesabu ni sahihi kwa mujibu wa kanuni zenu, lakini riba ya asilimia 10 kwa mwezi ni asilimia 120 kwa mwaka. Mkopo wa simu wa M-Shwari ulipoanzishwa Novemba 2012 ulitozwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, na ninyi nyote mnakumbuka jinsi watu walivyolalamika kwamba ni ghali. Hazina ya Hasla, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka mzima. Najua mtanijibu kwamba riba ya chama hurudi kwa wanachama wenyewe mwezi wa Desemba, na ni kweli, ila mwanachama aliyekwama harudishiwi chochote. Yeye ndiye anayelipia Krismasi ya wenzake.

Hata benki zimewekewa mpaka. Tangu mwaka 2007, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki nchini Kenya kinasema kwamba mkopo ukishaacha kulipwa, riba inayoendelea kudaiwa haiwezi kuzidi kiasi cha msingi kilichokuwa kimebaki wakati huo. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya vyama vya mtaani, lakini hoja yake inawahusu: riba ni malipo ya kutumia fedha za mwenzako, na mtu aliyekwisha kuanguka hazitumii tena. Kila mwezi unaomwongezea shilingi 6,000, unampandishia ukuta ambao tayari ameshindwa kuuruka, na fedha mnazodhani mnazipata kwenye daftari hazipo mahali popote.

Niruhusu nikueleze jambo nililolifanya mimi mwenyewe, kwa sababu nalikumbuka kila ninaposikia habari za gari linalokwenda kubeba cherehani. Nilipokuwa kijana niliajiriwa kama karani wa mikopo katika chama cha akiba na mikopo hapa mjini. Mwanachama wetu mmoja, fundi wa nguo aliyekuwa na kibanda Kariobangi, alikosa kulipa marejesho manne mfululizo, nami nikatumwa pamoja na dalali. Tulichukua cherehani mbili na pasi ya makaa. Mwanawe mdogo alikuwa amekaa kizingitini akitutazama, akadhani tunazipeleka kutengenezwa, akatuuliza tutazirudisha lini. Cherehani hizo ziliuzwa kwa bei ya chuma chakavu, gharama za dalali na za gari zikakatwa kwanza, na kilichobaki hakikutosha hata rejesho moja. Mwanamke yule hakuweza tena kushona, kwa hiyo hakuweza tena kulipa. Deni liliwaangukia wadhamini wake wawili, mmoja akiwa mpishi wa shule, ambaye alikatwa mshahara kwa muda mrefu kwa kosa ambalo hakulifanya. Nilipandishwa cheo mwaka huohuo kwa bidii katika kufuatilia madeni. Katika kazi ile yote, hakuna siku niliyoketi na mama yule nikamuuliza ni kitu gani kilichotokea.

Baadaye nilikuja kujifunza kwamba hata mahakama yenyewe hairuhusiwi kufanya hivyo. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mienendo ya Kesi za Madai kinavikinga dhidi ya kukamatwa kwa ajili ya deni mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, pamoja na zana ambazo mtu anazihitaji ili afanye kazi yake. Cherehani ya mwenzenu ni zana ya kazi. Ikiwa hakimu mwenye hukumu mkononi hawezi kuichukua, basi mwenyekiti wenu, ambaye hana hukumu wala dhamana iliyoandikwa na kusajiliwa juu ya vitu hivyo, hana lolote la kumruhusu aingie katika nyumba ya mtu na kubeba hata kijiko. Akifanya hivyo, mdeni ndiye atakayekwenda kituo cha polisi kushtaki, na chama ndicho kitakachoitwa kujieleza. Picha ya WhatsApp nayo muiache. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zimewakataza wakopeshaji wa kidijitali vitisho, matusi na kuwapigia simu watu walio katika orodha ya mawasiliano ya mdeni. Kanuni hizo zilitungwa kwa sababu watu wa mji huu walidhalilishwa mbele ya wakwe, waajiri na majirani kwa deni la shilingi elfu mbili. Itakuwa ajabu wanawake wa Kayole wafanyiane kile ambacho serikali imewakataza wakopeshaji wa simu.

Aibu pia haikusanyi fedha. Mtu aliyeaibishwa mbele ya mtaa hupanga kuhama, na katika jiji hili kuhama ni kazi ya usiku mmoja: leo yuko Kayole, kesho yuko Mlolongo, na laini mpya ya simu hununuliwa kwa bei ya soda. Mkitaka fedha zenu zirudi, mnamhitaji mama huyu awe karibu, awe na kazi, na aweze kuwatazama usoni.

Hapo tunafika kwenye swali ambalo chama chenu hakijauliza bado, nalo ndilo linalotenganisha mdeni mmoja na mwingine: hawezi kulipa, au hataki? Ninyi mnamjadili kana kwamba jibu linajulikana. Mwenyekiti ameamua kwamba hataki, mchungaji ameamua kwamba hawezi, na hakuna kati yao aliyekwenda kumwona. Nakushauri uende wewe na mwanachama mwingine mmoja mpole, mkiwa wawili tu, siku ambayo si ya soko, mkae naye chini. Mwombeni awaonyeshe taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, ambayo mteja anaweza kuiitisha mwenyewe kupitia simu yake, na daftari la biashara kama analo. Muulizeni kila mkopo alio nao, kila anayemdai na kiasi anachodai, kodi ya nyumba ni kiasi gani, na siku njema Gikomba humwachia shilingi ngapi baada ya nauli, chakula na ada ya kibanda. Mtu asiyeweza kulipa, akishatulia na kuona kwamba hamkuja kumtukana, kwa kawaida huwafungulieni kila kitu, wakati mwingine kwa machozi, kwa sababu amekuwa akiubeba mzigo huo peke yake. Asiyetaka kulipa hutoa hadithi zisizokutana, huficha taarifa, au hutoa ahadi kubwa ili muondoke haraka. Nimekutana na watu wa aina zote mbili, na karibu kila mara daftari ndilo lililonionyesha ni yupi, kwa sababu uso hudanganya.

Jambo ambalo nadhani mtalikuta, kwa yale uliyoniandikia, ni hili. Alikopa kwa ajili ya marobota, Januari ikafika, shule ikamdai karo, akachota 25,000 akisema atazirudisha kwa mauzo. Biashara iliyopangwa kwa 60,000 ikaendeshwa kwa 35,000. Robota likafunguliwa na kukutwa limejaa nguo zilizochakaa, kama anavyojua kila anayeuza mitumba, maana robota hununuliwa likiwa limefungwa. Marejesho yenu yalipofika, akakopa kwa simu ili asiaibike Jumamosi. Mkopo wa simu ukadai mkopo mwingine. Na zile 22,000 alizowaletea huenda nyingi zilikuwa deni la mahali pengine lililohamishwa tu. Nakisia, na huenda nimekosea. Ila mwenendo huo nimeuona mara nyingi sana, na kosa lake kubwa linakuwa lilelile: alinyamaza. Kumlipia mtoto karo hakuna mama atakayemlaumu, lakini angelikuja mezani mwezi wa tatu na kusema, “Nimetumia fedha kinyume na nilivyowaambia, na biashara imeyumba,” mngelikuwa mnazungumza juu ya deni dogo na mtu ambaye bado mnamwamini. Mwambieni hivyo bila kulainisha maneno. Anatakiwa aje mbele ya chama, aeleze alichofanya, na aombe radhi kwa kunyamaza na kujificha. Umaskini si jambo la kuombewa radhi, na asitakiwe kuuombea.

Umeleta habari za dini, nami nisiipite. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, mtumwa aliyedaiwa talanta elfu kumi alimpigia bwana wake magoti akamwomba avumiliwe, naye angelipa yote. Aliomba muda, akapewa zaidi ya alichoomba. Na mwenzake aliyedaiwa naye dinari mia aliomba muda kwa maneno yaleyale, akakabwa koo na kutupwa gerezani. Katika Kurani, aya ya 280 ya Sura ya Al-Baqara inaamuru kwamba mdeni aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na kwamba kumwachia deni kama sadaka ni bora zaidi kwa anayetoa. Na aya ya pili baada ya hiyo inawaagiza waumini waandike deni, kubwa au dogo, mbele ya mashahidi. Wanachama wenu wa dini zote mbili wataona kwamba muda ndio unaotangulia. Anayetaka kusamehe kabisa anasamehe kutoka katika mali yake, kwa hiari yake, na jambo hilo halifuti wajibu wa kuandika.

Kwa msingi huo, haya ndiyo ninayopendekeza kwa hesabu. Riba isimame pale aliposimama yeye, yaani mwisho wa mwezi wa tatu. Mpaka hapo alidaiwa 60,000 na riba ya 18,000, alileta 22,000, zikabaki 56,000. Akiba yake ya 24,000 iingizwe katika deni, zibaki 32,000. Kiasi hicho akikileta kwa shilingi 400 kila Jumamosi atamaliza kwa majuma 80, mwaka mmoja na nusu hivi, na kama taarifa yake itaonyesha kwamba anaweza 600, aandike 600. Katika muda huo asikopeshwe tena, lakini abaki mwanachama na aje mikutanoni, hata siku ambayo hana kitu, aseme hana. Ashauriwe asichukue mkopo mpya wa simu kulipa wa chama. Chama kikigundua amefanya hivyo, mpango mzima unaanza upya.

Kinachoachwa ni riba ya miezi mitano, shilingi 30,000, ambayo kwa wanachama 17 ni kama shilingi 1,765 kila mmoja. Hapa ndipo jibu la yule mjane lilipo. Mwulize yeye kwanza, mbele ya wote, kabla ya mwenyekiti na kabla yako: “Fungu lako ni 1,765. Unaliacha au unalidai?” Akisema analidai, liandikwe katika deni na litalipwa kama mengine, na mtu yeyote asimtazame kwa jicho baya, maana ana haki nalo. Akisema analiacha, itakuwa sadaka yake iliyotoka mkononi mwake na ikajulikana hivyo. Kila mmoja afanye vivyo hivyo kwa fungu lake. Wewe uliyemleta mama huyo chamani, ukitaka kuongeza kitu kutoka mfukoni mwako, ongeza, lakini usitumie daftari kukifanya. Na muulizeni mjane huyo pia jambo ambalo pengine hakuna aliyemuuliza alipokuwa akilipa katika msiba wake: alipitaje miezi ile? Nina hakika kwamba sehemu ya uchungu wake ni kwamba chama kimegundua huruma leo, wakati yeye alikuwa ameketi hapohapo akiwa na nguo nyeusi na akatozwa asilimia 10 kama kawaida. Ikiwa ndivyo, mnadaiwa naye radhi, na kanuni mtakayoitunga kwa ajili ya mwanachama aliyefiwa au aliyeunguliwa na mali ianze kuhesabiwa kutoka kwake.

Akikataa mpango huo, au akiukubali na kuuvunja bila kusema neno, basi mtakuwa mmepata jibu la swali la hawezi au hataki, na hapo sioni vibaya mkimpeleka mbele ya Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hiyo ilianza kazi Milimani mwaka 2021, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60, na hamhitaji wakili. Kumpeleka mtu mahakamani kwa utaratibu ni heshima zaidi kuliko kumbebea makochi.

Na ninyi? Mlimkopesha 60,000 bila mdhamini hata mmoja, bila kumuuliza kama ana mikopo mingine, na naamini sababu mojawapo ni kwamba mkopo mkubwa huleta faida kubwa Desemba. Anayekopesha bila kuuliza ana sehemu yake katika hasara, na riba mtakayoiacha si zawadi tupu kwa mama wa Gikomba. Kwa kiasi fulani ni ada ya uzembe wenu. Kuanzia sasa mkopo unaozidi akiba ya mtu uwe na wadhamini wawili, na fedha za marobota zilipwe moja kwa moja kwa muuzaji wa marobota.

SWALI

Mhariri, nina ndugu mdogo wa miaka 26 anayeendesha bodaboda Githurai. Amekopa katika programu saba za simu. Nimemlipia mara mbili, kwanza shilingi 18,000, kisha 31,000, na sasa amerudi palepale, kwa sababu fedha nyingi huishia katika kamari ya mpira. Wanaomdai wananipigia mimi, wamempigia hata mwajiri wangu. Mama anasema damu haitupwi. Nilipe mara ya tatu?

— Kaka Mkubwa, Zimmerman

JIBU

Ndugu yangu, usilipe. Mara mbili ulizolipa zilikuwa huruma ya kweli na hukukosea, lakini fedha hizo hazikumfikia ndugu yako. Zilipita kwake zikaenda kwa anayeendesha mchezo, na wakopeshaji wakafundishwa kwamba nyuma ya kijana huyu yupo kaka anayelipa.

Simu unazopigiwa ni jambo tofauti na zisikusukume. Hukudhamini mkopo huo, kwa hiyo hudaiwi chochote, na kukupigia wewe au mwajiri wako ni kinyume cha kanuni za mwaka 2022 nilizozitaja hapo juu. Hifadhi ujumbe na tarehe za simu, upeleke malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na utazame kama wakopeshaji hao wamo katika orodha ya wenye leseni ambayo Benki Kuu huitoa.

Mwambie mama kwamba damu haijatupwa. Ndugu yako ale kwako kila siku akitaka, na mwezi ambao hana kodi ya nyumba, umlipe mwenye nyumba mwenyewe, usimpe fedha mkononi. Pikipiki isiuzwe, kwa kuwa ndiyo itakayolipa. Mtafutie mshauri nasaha wa kuzungumza naye kuhusu kamari, maana ikishamshika mtu kiasi cha kukopa mara saba, maonyo ya kaka hayatoshi. Kuhusu madeni yenyewe, yeye ndiye atakayewapigia wakopeshaji, mmoja baada ya mwingine, na kuomba kulipa kidogokidogo. Akae kwanza na karatasi aandike kwa mkono wake mwenyewe majina yote saba, kiasi alichochukua, kiasi anachodaiwa sasa na siku aliyokopa. Nawe uketi karibu naye anapoandika, usimsomee hotuba, na usimwandikie hata mstari mmoja.